Tunawauzia Wachimbaji Gari, Tunawaambia ni Akiba

Likizo ndefu iliyopita niliuza gari. Halikuwa langu, na sina hata leseni ya udereva. Nilikuwa dalali wa yadi moja pale Kahama, kazi ambayo wanachuo wengi wa kanda yetu, kuanzia Shinyanga mjini mpaka Katoro, tunaikimbilia bumu likikata. Yadi inakupa picha, unaandika tangazo, unarusha Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp, mteja akipatikana unakula cha juu. Siandiki haya kuwasema wengine. Naanza na mimi mwenyewe.

Gari lilikuwa Toyota Mark II, lile umbo lililotoka mwaka 1996, jeupe, rimu zinang'aa, mlio wake unatetemesha vioo vya madukani. Nikaandika: "Gari adimu la wakusanyaji, bei inapanda kila mwaka." Aliyekuja ni mzee mmoja mwenye duara upande wa Rwamgasa. Duara lilikuwa limetema, mali ameshaiuza soko la dhahabu Geita, pesa iko mkononi. Nikamsalimia, "Mwangaluka, baba," akaitika, akalizunguka gari mara mbili. Halafu hakumuuliza mwenye yadi. Aliniuliza mimi: "Mwanangu, wewe umesoma. Hii gari nikikaa nayo miaka mitatu, itanirudishia hela yangu?"

Nikamjibu, "Itarudisha na faida juu, baba."

Akalipa milioni 19. Mimi nikapata laki sita, na laptop ninayoandikia makala hii imetoka humo.

Nilichomficha kilikuwa kwenye kadi ya gari. Namba ya chasisi ilianza na GX100. Anayefuatilia haya magari anajua maana yake: lilitoka kiwandani na injini ya 1G, lita mbili, gari la kawaida la familia. Wanalolitafuta wakusanyaji ni JZX100, na hata hapo si kila JZX100, bali Tourer V yenye injini ya 1JZ-GTE, lita mbili na nusu, yenye turbo. Hiyo ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 280, kiwango ambacho watengenezaji wa Japani walikubaliana enzi zile wasikivuke kwenye matangazo yao. Gari la mzee lilikuwa na turbo kweli, lakini injini ilipandikizwa gereji, miaka mingi baadaye. Linakimbia, sawa. Adimu, hapana.

Najua utetezi wetu, maana niliutumia mwenyewe. Tunasema, mbona Supra ya rangi ya machungwa iliyotumika kwenye filamu ya The Fast and the Furious iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 550,000 mwaka 2021? Ni kweli iliuzwa. Ni kweli pia kwamba Marekani inaruhusu gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vyake kuingia likishatimiza miaka 25. Ndiyo maana gari za Kijapani za miaka ya tisini zimekuwa zikipanda bei kila kundi linapofikisha umri huo. Skyline GT-R R34 za mwanzo, za mwaka 1999, zilifunguliwa mlango huo mwaka 2024. Soko lipo, hakuna anayebisha.

Ila tuulize soko hilo linalipia nini. Linalipia uhalisia na karatasi zake. Mkusanyaji anataka injini iliyozaliwa na gari, rangi ya kiwandani, kilomita zinazothibitika, na karatasi ya mnada wa Japani yenye gredi. Karatasi ikiwa na gredi R, maana yake gari liliwahi kupata ajali likanyooshwa, na bei inashuka hapo hapo. Sasa angalia magari tunayouza sisi. Yamepigwa rangi mara mbili, kilomita zimerudishwa nyuma, springi zimekatwa, yamekula vumbi la machimboni miaka kumi, na karatasi ya mnada ilishapotea tangu mmiliki wa kwanza. Tumechukua bei ya gari lililotunzwa ndani ya banda Yokohama tukaibandika kwenye gari lililokunywa tope la Nyarugusu. Na huyo mnunuzi wa Marekani hajawahi kukanyaga Kahama.

Kwa hiyo atakayelinunua kwa mzee ni nani? Ni mchimbaji mwingine. Hapa ndipo mimi, ninayesoma uchumi, nilipaswa kuona aibu mapema. Oktoba 2025 wakia moja ya dhahabu ilivuka dola 4,000. Bei ikiwa hivyo na maduara yanatema, kila mtu anataka gari la mlio. Maduara yakikauka, wote wanataka kuuza wiki moja. Mtu mwenye duara anayenunua gari la namna hii hajaweka akiba pembeni. Ameongeza dau kwenye mchezo ule ule. Akiba ni kitu kinachosimama siku duara limelala, na gari hili linalala nalo.

Kuna atakayesema, mbona Land Cruiser mkonga inashika bei hata ikiwa ya zamani? Inashika kwa sababu ina kazi. Migodi inaitaka, miradi inaitaka, barabara mbovu zinaitaka, masika na kiangazi. Mark II iliyoshushwa chini haina kazi hiyo. Ina raha yake, na raha si dhambi. Mwenye hela yake akitaka kununua raha, auziwe raha, aambiwe ni raha.

Mwezi wa tatu mvua ilijaza duara la mzee maji. Alihitaji pampu na hela ya kulisha vijana wake. Akanipigia: "Mwanangu, niuzie lile gari." Nilizunguka yadi tatu. Ofa kubwa ilikuwa milioni nane, na ni kwa sababu dalali wa yadi ya pili, kijana wa rika letu, aliisoma kadi kwa sauti mbele yake. Mzee hakunitukana. Aliniuliza tu, "Kwa hiyo kadi ilikuwa inasema hivyo tangu siku ile?" Nikasema ndiyo. Akauza.

Wanachuo wenzangu, likizo inakuja na yadi zitatupigia. Sisemi tukatae, najua bumu lilivyo. Nasema mteja anayekuita msomi anakulipa umsomee. Msomee basi, kwa Kiswahili au kwa Kisukuma. Kwanza, namba ya chasisi inaanza na nini, na ujazo wa injini kwenye kadi unalingana na injini iliyomo? Pili, karatasi ya mnada iko wapi, na kama haipo, nani amethibitisha kilomita? Tatu, siku akitaka kuuza, mnunuzi ni nani hapa hapa kwetu, na kwa bei gani leo? Ukishamsomea hayo naye bado analitaka, pokea cha juu chako ukale kwa amani. Akiondoka, basi ile hela haikuwa yako.

Na serikali yetu ya wanafunzi, inayotuandalia semina za ujasiriamali kila muhula, itenge hata saa moja ya hili. Tunafundishwa kutafuta mteja. Hatujafundishwa tunadaiwa nini na mteja ambaye hawezi kusoma tunachomuuzia.

Mimi nimeanza kumrudishia mzee cha juu chake. Nimetuma laki mbili. Bado laki nne.