Kipimo kisiwe hukumu kwa kijana

Hakuna mwalimu asiyemfahamu mwanafunzi anayesahau maelezo kabla hajaketi, anayejibu swali kabla halijamalizika, au anayeng'ang'ania njia ile ile hata akionyeshwa kuwa haifiki. Mara nyingi huitwa mvivu au mkaidi, na baada ya jina hufuata fimbo.

Wataalamu wa saikolojia huona hapo jambo jingine: upungufu katika uwezo wa akili kujiongoza, yaani kushika maelezo wakati wa kuyafanyia kazi, kujizuia, na kubadili njia inapobidi. Sehemu ya ubongo inayohusika sana na kazi hiyo, iliyo nyuma ya paji la uso, huendelea kukomaa hata baada ya umri wa miaka 20. Upungufu huo huonekana mara kwa mara kwa vijana wenye sonona au wasiwasi uliokithiri. Haina maana kwamba ndio chanzo daima, kwani huzuni nzito nayo yaweza kuudhoofisha uwezo huo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa kijana 1 kati ya 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili.

Vipimo vipo. Kimojawapo kilitokana na kazi ya Mmarekani John Ridley Stroop mwaka 1935: neno "nyekundu" huandikwa kwa wino wa buluu, na mtahiniwa hutakiwa kutaja rangi ya wino. Lakini alama za vipimo vya aina hiyo mara nyingi hazilingani na yale wanayoyaeleza wazazi na walimu juu ya mwenendo wa kijana yule yule. Chumba cha kupimia kina utulivu. Darasa na nyumba havina.

Aidha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, Robert Sternberg na wenzake waliwapima wanafunzi wa miaka 11 hadi 13 karibu na Bagamoyo kwa mazoezi ya kufikiri, likiwamo la kupanga vitu kwa makundi. Waliofundishwa mbinu kwa muda mfupi walipanda alama. Kumbe alama ya kwanza haikuwa kikomo cha uwezo wao.

Hivyo hapana budi kipimo kiwe mwanzo wa msaada. Maelezo yaandikwe ubaoni hatua kwa hatua, mzazi aitwe asikilizwe, na kijana mwenye dalili apelekwe kwa mganga. Fimbo haijapata kumkumbusha mtu asichoweza kukishika akilini.