Upinde Haukupotea

Liko neno moja ambalo kila msomaji kijana yampasa kulihoji mlangoni kabla ya kulikaribisha ndani. Neno hilo ni "kugundua upya." Hutamkwa kwa furaha, hupigiwa makofi, na mara nyingi huwadhulumu watu wasiokuwapo barazani kujitetea. Leo nalishitaki neno hilo mbele yako, msomaji wangu, na ushahidi wangu wautoa katika sanaa moja tu: sanaa ya kupiga mishale kwa haraka.

Mwaka 2015 mtu mmoja wa Denmark, Lars Andersen, alitoa filamu iliyotazamwa na mamilioni ya watu duniani. Alionekana akipiga mishale mitatu kwa muda usiotimia sekunde moja, tena akipiga huku anakimbia na kuruka. Mikono yake ilikuwa myepesi ajabu, wala sina nia ya kumnyima sifa hiyo. Lakini filamu ilidai zaidi ya wepesi. Ilidai kuwa mbinu za wapiga mishale wa Zama za Kati zilikuwa zimesahauliwa, na kwamba yeye, kwa kuchungua picha na maandishi ya kale, amezifufua. Dai hilo ndilo nilipingalo.

Tuzitazame mbinu zenyewe. Katika mashindano ya kisasa ya namna ya Ulaya, mpigaji avutaye kwa mkono wa kuume hushika upote kwa vidole vitatu, na mshale wake hukaa upande wa kushoto wa upinde. Akitaka mshale wa pili, mkono wake husafiri hadi kwenye podo, huutoa, huurudisha, ndipo huupachika. Andersen alishika mishale kadhaa mkononi na kuiweka upande wa kuume wa upinde, hata mkono ukawa na safari fupi. Ni hesabu nzuri. Lakini je, ilikuwa imesahauliwa? Muulize Mmongolia, muulize Mkorea, muulize Mjapani. Hao kwa desturi yao huvuta upote kwa kidole gumba, na mshale wao hukaa upande huo huo wa kuume. Mkono ukipindwa kidogo wakati wa kuvuta, upote huubana mshale ubavuni mwa upinde usianguke, hata mpigaji awapo juu ya farasi anayekwenda mbio. Wamongolia wangali wakishindania shabaha kila mwaka katika sikukuu yao ya Naadam. Hawakulala usingizi wakingoja mgeni aje kuwaamsha.

Labda utanijibu kuwa walihifadhi namna ya kuvuta, lakini kasi ndiyo iliyosahauliwa. Jibu hilo nalo halisimami. Katika karne ya 9, Al-Jahiz, mwandishi wa Basra, aliwasifu wapanda farasi wa Kituruki akasema kuwa mmoja wao hupiga mishale kumi kabla adui hajapachika mmoja. Huenda alitia chumvi, lakini hakuna atiaye chumvi katika jambo asilolijua. Katika karne ya 14, zama za Wamamluki, Taybugha aliandika juu ya upinde kwa mashairi na maelezo yake, akafundisha pia upigaji wa haraka. Kitabu chake kilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1970. Kitabu kingine cha Kiarabu juu ya sanaa hiyo kilikuwa kimekwisha kutafsiriwa na kupigwa chapa Marekani mwaka 1945. Basi elimu hii ilikuwa imeandikwa na kutafsiriwa, ikakaa rafuni miongo mingi. Kitabu kisichofunguliwa hakiitwi kitabu kilichopotea.

Ushahidi mwingine uko Kyoto, Japani. Huko kuna jumba refu la ibada liitwalo Sanjusangendo, na wapiga mishale walikuwa wakishindana kupitisha mishale barazani mwake, mwendo wa karibu meta 120. Mwaka 1686 kijana aitwaye Wasa Daihachiro alipiga mishale 13,053 kwa usiku na mchana mmoja, na katika hiyo 8,133 ilifika mwisho wa baraza. Piga hesabu mwenyewe: ni mishale tisa kila dakika, kwa saa 24. Habari hizi ziliandikwa na kutunzwa, na Wajapani hawajazisahau.

Neno hili lina hila nyingine. Ajidaiye kuwa peke yake katika ujuzi hana wa kumsahihisha. Filamu ilitushangaza kwa kasi, lakini kasi ni nusu ya habari. Upinde mwepesi huvutika upesi. Upinde wa vita ulitakiwa kuangusha mtu aliyevaa nguo za chuma, au kumfikia akiwa mbali. Mwaka 1545 merikebu ya mfalme wa Uingereza, Mary Rose, ilizama, na mwaka 1982 ikaopolewa. Wataalamu walikuta ndani ya mabaki yake pinde zaidi ya 130, na walipozipima na kutengeneza mifano yake wakakadiria kuwa nyingi zilihitaji nguvu ya ratili zaidi ya 100 kuzivuta. Nguvu ya namna hiyo haipatikani kwa mwezi mmoja. Ndiyo maana mwaka 1363 Mfalme Edward wa Tatu aliwaamuru wanaume wa Uingereza wafanye mazoezi ya upinde siku za sikukuu. Mpigaji wa zamani alitafuta kasi, nguvu na shabaha kwa pamoja. Aliye na mwalimu angeambiwa hayo siku ya kwanza.

Sikatai kwamba Andersen alitenda jambo la maana. Alitia mkononi mambo ambayo wengine waliyasoma tu, na mazoezi ni shahidi ambaye karatasi haiwezi kuwa. Vijana wengi walishika upinde kwa sababu yake. Lakini kama Ulaya ndiyo iliyosahau, basi na aseme, "Sisi tulisahau, nasi tumejifunza kwa wenzetu." Kusema hivyo hakumpunguzii mtu hata unywele mmoja. Ujuzi hauzeeki, wahenga walisema, wala aupokeaye hafedheheki.

Kwa nini nikuletee habari hizi wewe, mwanafunzi wa Kenya? Kwa sababu huna haja ya kupiga mbizi katika bahari ya Uingereza kutafuta pinde nzito. Waata, ambao wengine huwaita Waliangulu, waliwinda ndovu katika nyika ya Tsavo na nyuma ya pwani yetu kwa mishale ya sumu na kwa pinde ndefu, ambazo baadhi yake zilihitaji nguvu ya ratili zaidi ya 100 vilevile. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaandama kwa ajili ya uwindaji huo, na wengi wakatiwa gerezani. Mwaka 1977 uwindaji ulipigwa marufuku nchini kote. Siombi ndovu hata mmoja auawe. Sheria ile ina sababu njema. Lakini mti gani ulichaguliwa, ulikaushwaje, upote ulisokotwa kwa nini, na kifua cha kijana kilizoezwa vipi hata akaweza kuuvuta upinde ule: haya ni elimu, wala elimu haikupigwa marufuku. Yakizikwa pamoja na wazee kwa sababu hatukuuliza, siku moja atakuja mtu na kamera yake, atavuta upinde wa namna ile mbele ya dunia, na kutangaza kuwa amegundua kilichopotea. Nasi tutampigia makofi.

Basi, msomaji wangu, usingoje siku hiyo. Kila usikiapo kuwa jambo la kale limegunduliwa upya, uliza ni nani aliyekuwa nalo jana, na kama yupo aliye nalo hata leo. Kama yuko karibu nawe, nenda kwake na daftari, ukae chini, usikilize. Na utakapoandika uliyojifunza, jina la aliyekufundisha litangulie lako.