Sisi Hapa ni Familia!

 

Mwezi huu nilipanga kuandika kuhusu wanandoa na mikopo ya magari, lakini nimeahirisha. Sababu ni dada mmoja aliyenivamia kwenye harusi, tena kabla sijamaliza hata soda yangu, akanishika mkono na kuniuliza: “Kaka, wewe si ulifanya kazi kwenye haya mashirika? Hebu niambie ukweli. Hivi mume wangu ana nyumba ndogo au ana bosi?”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Mumewe anarudi saa nne usiku. Simu ikilia Jumapili mchana anatoka nje kupokea. Mshahara ni wa kawaida tu, na akiulizwa, jibu ni moja: kazi yangu mimi ni ya wito.

Dada yangu, najua unasoma. Inawezekana kabisa ni bosi. Mwenzenu niliishi na bosi wa namna hiyo miaka mitano.

Nilikuwa afisa mradi katika shirika moja lisilo la kiserikali hapa Dar es Salaam. Jina halina kazi hapa. Ofisi ilikuwa Mikocheni, si unajua tena zile nyumba za kuishi zilizogeuzwa ofisi, jikoni ndiyo stoo ya vipeperushi na chumba cha watoto ndiyo uhasibu. Mradi wetu ulihusu afya ya mama na mtoto, na kipande changu kilikuwa kuhamasisha wanaume wawasindikize wake zao kliniki na wawepo siku ya kujifungua. Nilikuwa na fulana sita zenye maneno “Baba, twende kliniki”. Kumbuka hizo fulana, nitazirudia.

Mkurugenzi wetu tulimwita Mama. Siyo Madam wala Mkurugenzi, Mama tu. Kila Jumatatu kikao kilianza kwa dua, wiki hii Mwislamu, wiki ijayo Mkristo, kisha yeye anasimama: “Sisi hapa siyo waajiriwa. Sisi hapa ni familia.” Na mimi nilipenda, siwafichi. Nilikotoka nilikuwa nauza vifaa vya ofisi kwa bosi ambaye miaka miwili hakujua jina langu. Mama alijua jina langu, la mke wangu, na la kijiji alikozaliwa marehemu baba yangu. Mama yangu mzazi alipolazwa, bosi alikuja wodini na chupa ya uji, na bili akalipa yeye nusu. Mtu kama huyo utamwambiaje kwamba Jumamosi hutokuja kazini?

Hapo ndipo penyewe. Ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba pale ofisini kila kitu kilitufikia kama fadhila, hata vile ambavyo vilikuwa haki yetu. Mikataba ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja, kwa sababu fedha za wafadhili nazo zilikuja hivyo. Sasa ikifika Novemba watu hawalali. Mama anakuita mmoja mmoja, anafunga mlango, anakushika bega: “Mwanangu, hali ni ngumu, lakini nimekupigania.” Unatoka umeloa jasho, umemshukuru mara kumi, kwa kazi ambayo umeifanya vizuri mwaka mzima. Likizo vilevile. Huombi, unasubiri siku akiwa na furaha, halafu unapewa: “Haya, nakupa siku tatu.” Za kwako, jamani! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema siku 28 kwa mwaka.

Na saa za kazi je? Sheria hiyohiyo imeweka ukomo wa saa 45 kwa wiki kwa sisi tusio wakubwa wa menejimenti, na zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu. Sisi zetu zililipwa kwa chipsi kuku. Saa tatu usiku, andiko la mradi halijaisha, Mama anatuma dereva alete chipsi kuku za watu wote, tunakula tukicheka. Halafu tunaendelea hadi saa sita.

Nisijifanye malaika. Posho za safari nilizipenda, na marumaru za sebuleni kwangu zimetoka Singida, Mtwara na Rukwa, kama mnanielewa. Kupanda shangingi jeupe la mradi watu wakikutazama, nako kuna raha yake. Mtu anayekwambia alikaa kwenye shirika kwa wito peke yake, muulize vizuri.

Mwaka 2016 mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Zikiwa zimebaki wiki mbili, mfadhili akatangaza kuleta wageni kukagua mradi Singida. Nikamfuata Mama ofisini, nikamweleza. Akanisikiliza kwa upole, akatabasamu. “Mwanangu, wanawake wanajifungua kila siku. Wageni hawa wanakuja mara moja kwa mwaka.” Kisha akafungua mkoba wake mwenyewe akanipa shilingi laki mbili, nimnunulie mkwe wake vitenge. Nikazipokea. Nikasema ahsante Mama.

Basi bwana, siku ya tatu niko kwenye zahanati moja upande wa Iramba, zaidi ya kilomita 700 kutoka nyumbani kwangu Tabata. Nimevaa fulana yangu, bango kitita liko mbele, wanaume kama 40 wamekaa chini ya mti, wageni wamekaa pembeni kwenye viti vya plastiki. Nafundisha umuhimu wa baba kuwepo. Simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa shemeji yangu: “Hongera shem. Wa kike. Wote wazima.”

Nilinyamaza nadhani muda mrefu kidogo, maana mzee mmoja wa mbele akauliza, wala hakuwa na ubaya: “Mwalimu, na wewe mama watoto umemwacha na nani?”

Nikamjibu, “Yuko salama, mzee wangu,” nikafunua ukurasa uliofuata.

Nilifika nyumbani mtoto ana siku sita. Sheria inampa baba likizo ya angalau siku 3 zenye malipo, mradi azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Siku ya saba nilikuwa ofisini narejesha masurufu, nabandika risiti za maji ya chupa kwenye karatasi.

Mke wangu hakugomba. Ni mwalimu wa darasa la kwanza, amezoea kusubiri. Ila jikoni kwetu kulikuwa na kalenda ya shirika, yenye picha ya baba amebeba mtoto kliniki anacheka meno yote nje, na yeye akaanza kuweka alama kwa kalamu nyekundu kila usiku ambao sikulala nyumbani. Nilidhani ni siku za chanjo. Mwisho wa mwaka uliofuata akaniwekea mezani ile kalenda pamoja na chai. Usiku 131.

Nikawaka. Nikamwambia mimi nahangaika kwa ajili yenu, hii nyumba nani kaweka marumaru, mama yako nani kamlipia hospitali, mwaka jana nimekupa... Hapo kwenye “nimekupa” akanikatiza. “Unaongea kama bosi wako,” kasema, kisha akaenda kumwogesha mtoto.

Wasomaji wangu, yale maneno yaliniuma kuliko kalenda. Maana ni kweli. Nilikuwa nimeleta ile tabia ya ofisini hadi chumbani. Nikiosha vyombo, nimemsaidia. Nikishinda nyumbani Jumapili, nimewapa siku yangu. Kila kitu fadhila, na nasubiri kushukuriwa kwa uso uleule niliokuwa nao mimi nikitoka kwa Mama kila Novemba. Wewe unayesoma hapa na mwenza wako yuko pembeni, hebu muulize kama na kwenu lipo hilo. Muulize akiwa ameshiba.

Kuna kipindi Mama alikwenda masomoni ng'ambo miezi minne, akakaimu mhasibu mkuu. Mtu mkavu, hakuuliza habari za mama wa mtu. Wiki ya kwanza akabandika ratiba ya likizo ukutani, majina yote, pamoja na la mlinzi. Saa kumi na moja jioni anazima viyoyozi mwenyewe, chumba kwa chumba, anasema “kesho ipo”. Ripoti ya robo mwaka ikatoka siku mbili kabla ya wakati. Na sisi tulimwita Roboti! Tulikaa kantini tunalalamika kwamba hana upendo. Mama aliporudi tulimpokea kwa keki, ratiba ikabanduliwa, na hakuna aliyeuliza imekwenda wapi. Kwa hiyo nikisema Mama alitukosea, sisi nasi tulikuwa tunapiga makofi.

Mtoto wa pili alizaliwa 2019. Safari hiyo niliandika barua mapema, mistari minne, nikataja sheria na siku 3. Dada wa rasilimali watu aliisoma mara mbili akaninong'oneza: “Hii ni barua ya kwanza ya namna hii tangu nianze kazi hapa.” Mama alisaini bila neno. Hakufoka. Ila tangu siku ile hakuniita tena mwanangu, aliniita Bwana na jina la baba yangu. Tulikuwa na kundi la WhatsApp linaloitwa Familia, nikajikuta nimetolewa, taarifa zangu zikawa zinakuja kwa barua pepe. Novemba sikuitwa ofisini kufungiwa mlango. Desemba mkataba ukaisha, sababu bajeti. Nilikaa miezi mitano bila kazi, na hapo nilijua mshahara wa mwalimu unatosha nini na hautoshi nini. Siwadanganyi kwamba tulikuwa tunaimba. Lakini wa pili nilimpokea mimi mwenyewe mikononi mwa nesi, na nilimwogesha siku zote tatu, vibaya, maji yakaingia masikioni.

Nilidhani hadithi imeishia hapo. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani, Donald Trump, alisaini amri ya kusitisha misaada ya maendeleo ya nchi za nje kwa siku 90, na siku chache baadaye miradi mingi duniani ikapokea barua za kusimamisha kazi. Fedha nyingi za shirika letu la zamani zilitoka huko. Wenzangu niliowaacha walipata habari usiku kwa barua pepe, wengine baada ya miaka 11 ya kuitwa wanangu. Na kama mnavyojua, zile siku 90 hazikurudisha kitu. Julai 1 mwaka huohuo USAID yenyewe ikafungwa.

Baada ya Pasaka dereva wetu wa siku zote alikuja kunitembelea Tabata. Mzee wa watu, ndiye aliyekuwa akileta zile chipsi kuku. Akaniambia Mama aliuza kiwanja chake ili awape madereva na walinzi chochote. “Kanipa laki tatu mkononi, mwanangu. Nikalia, naye akalia.” Ninaamini alilia kweli. Mama hakuwa mwigizaji.

Halafu mzee akatoa karatasi. Alikuwa amekwenda NSSF kuangalia akiba yake, akakuta miezi minane haijapelekwa. Kwenye hati ya mshahara alikatwa kila mwezi. Sehemu yake ilikatwa, sehemu ya mwajiri haikuongezwa, zote hazikufika. Na siku 30 za kupeleka malalamiko ya kuachishwa kazi kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi zilikuwa zimeshapita, maana hakuna aliyemwambia kwamba zipo. Kwenye familia nani anazungumzia tume?

“Sasa mwanangu,” akaniuliza, “nitamshitaki vipi Mama? Mtu kauza kiwanja.”

Mimi sikuwa na jibu. Nilikuwa nakumbuka chupa ya uji wodini. Mke wangu ndiye aliyejibu, anamimina chai, wala hakukaa: “Baba, nani kasema umshitaki? Ile laki tatu ni yake, kakupa, mshukuru. Hii ya NSSF ni yako. Nenda kadai, ukitoka huko mpigie simu umsalimie.”

Akaenda Jumatatu. Mimi nilimsindikiza hadi kaunta. Maofisa wa mfuko wakaanza kumfuatilia mwajiri, bodi ya shirika ikaitwa, na hadi naandika haya miezi mitano kati ya ile minane imeshaingia. Simu kwa Mama alipiga kweli. Anasema waliongea karibu nusu saa, habari za wajukuu.