Rangi za Ramani na Nahodha wa Kiswere

Tufani ilipoipiga Lindi Aprili 1952 hapakuwa na satilaiti wala tarakilishi ya kuichora mapema. Hidaya ya Mei 2024 ilionekana siku chache kabla ya kufika. Manufaa hayo hayana ubishi. Bali si sababu ya kunyamazia kasoro za ramani zinazorushwa kutoka simu hadi simu.

Ramani hizo zang'aa kama kanga mpya, na watu huzitazama kana kwamba ni picha za kamera. Sivyo hata kidogo. Tarakilishi huigawa anga miraba, ikahesabu upepo, mvua na mgandamizo wa hewa katika kila mmoja; kisha programu hupaka namba hizo rangi. Hesabu kuu ya Kituo cha Ulaya cha utabiri ina miraba ya kilomita 9 hivi. Mraba mmoja waweza kumeza sehemu kubwa ya ghuba ya Kiswere, mlango wake na mikoko yake, na programu ikalainisha kingo hata mtazamaji akadhani kila wimbi limepimwa.

Rangi nazo zina hila. Mfululizo wa upinde wa mvua huweka mpaka mkali mahali ambapo namba zimepanda polepole tu. Baada ya malalamiko ya miaka mingi, watengenezaji wa Matplotlib waliacha kuufanya chaguo la kwanza mwaka 2017. Wengine wangali wanautumia bila haya. Nahodha wa Kiswere akiona chombo chake kiko upande wa kijani, atatweka tanga.

Tena, upepo wa Hidaya ulidhoofu, lakini mvua ilikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam huko Somanga. Ramani ya upepo, hata iliyo sahihi, isingemwonya msafiri.

Wako wasemao kwamba maelezo mengi yatawatatiza watu wa pwani, na kwamba Kiingereza ndiyo lugha ya sayansi. Hiyo ni dharau iliyovikwa kanzu. Waliozipa pepo majina ya kusi, kaskazi, matlai na umande hawashindwi kusoma ufunguo wa ramani. Hawajapewa ufunguo huo kwa lugha yao. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari kwa Kiswahili, nayo yastahili sifa. Wachoraji wengine na waandike vivyo hivyo chini ya kila ramani: saa ya hesabu, kipimo cha upepo, ukubwa wa mraba, na kadiri ya shaka iliyomo. Maneno yote hayo yapo, na programu zao hazikatai herufi za Kiswahili.