Ndugu wa Kiswahili Aliyesahauliwa Mtoni

Kila ifikapo tarehe 7 Julai twaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Hotuba husomwa, mashairi hughaniwa, na lugha yetu humiminiwa sifa. Sina ugomvi na sherehe hiyo. Nauliza tu: ndugu wa damu wa Kiswahili nao wamealikwa?

Sisi watu wa pwani tumezoea kutafuta ukoo wetu ng'ambo ya bahari. Lakini maneno ya kukopa ni mavazi, hayabadili nasaba. Atakaye kuijua nasaba ya Kiswahili na aupande Mto Tana mpaka karibu na Garissa. Nilipovuka daraja la mji huo niliwasikia wazee wawili wakizungumza, nikadhani ni Wapokomo. Kumbe walikuwa Waelwana, ambao jirani zao huwaita Malakote. Ni wakulima wa kando ya mto, Waislamu kama sisi, na lugha yao ya Kibantu imezungukwa na Kisomali upande mmoja na Kiorma upande wa pili.

Wataalamu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993, wamekitia Kielwana katika kundi la lugha za Sabaki, pamoja na Kiswahili, Kipokomo, Kimijikenda na lugha za visiwa vya Komoro. Hawa ni watoto wa mama mmoja. Mmoja alishuka baharini, akafanya biashara, akaandikwa kwa hati za Kiarabu, akapata jina. Mwingine alibaki mtoni akilima. Waorma walipoitawala nyika ile, Kielwana kilichukua kwao maneno mengi, lakini hakikufa.

Leo mtihani ni mwingine. Mtoto wa Kielwana akienda sokoni Garissa hukuta Kisomali. Akiingia darasani hukuta Kiswahili na Kiingereza. Lugha ya mama yake imebakiwa na nyumba tu, na lugha iliyobakiwa na nyumba haina umri mrefu. Basi tusiwatupie wengine lawama. Kiswahili chetu nacho kimo: kaka mkubwa anamla mdogo wake.

Wako watakaosema kwamba lugha ya watu wachache haina faida. Na watazame Iceland, kisiwa cha baridi kilichokaliwa na Wanorwe tangu karne ya 9. Watu wake hawazidi laki nne hivi, na bado wanasoma visa vilivyoandikwa na wazee wao karne ya 13. Hata Kisomali, ambacho leo kina magazeti na vitabu, kilipata hati zake rasmi mwaka 1972 tu. Lugha haiokolewi na wingi wa watu, bali na kalamu na nia.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inaitaka Serikali ikuze lugha za wenyeji. Basi wazee wa Kielwana na warekodiwe wangali hai, na watoto wao waandikiwe vitabu. Kurani Tukufu, katika Sura ya Ar-Rum, imezitaja lugha zetu mbalimbali kuwa miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Ishara hiyo isifutike mbele ya macho yetu.