Vijana wa Kibiti, namba ya biashara isizime ukiingia delta

Leo siongelei mbolea wala viuatilifu. Naongelea simu, maana kila msimu naona mazao yamelimwa vizuri kabisa, halafu hela inapotea kwa sababu namba ya muuzaji haipatikani.

Msimamo wangu ni huu: kijana anayelima kibiashara, hasa mkiwa kikundi, anahitaji namba moja ya biashara inayofanya kazi kwa intaneti na kupokelewa na zaidi ya mtu mmoja.

Kampuni kubwa za Dar zina namba moja tu, lakini ukipiga anapokea yeyote aliyepo mezani. Siku hizi mifumo mingi ya namna hiyo inapita kwenye intaneti. Sisi hatuna haja ya kununua mtambo. WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, inafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bure. Wewe unalipia bando tu.

Kwa nini nasema ni muhimu kwetu? Angalia tunapoishi. Ukiwa Bungu au Kibiti mjini, kando ya barabara ya Dar kwenda Lindi, mtandao upo. Ukishuka Nyamisati ukapanda boti kuingia delta, mtandao unakuja na kuondoka. Mkulima wa mpunga anashinda na kulala kwenye dungu akilinda nguruwe na ndege, na chaji imekata. Mnunuzi anapiga, anaambiwa namba haipatikani. Huyo hakusubiri wewe utoke shambani, anampigia dalali. Dalali anakuja na bei yake, na wewe una tikiti zimeshaiva ambazo haziwezi kungoja wiki nyingine. Hapo unauza tu ili usipate hasara yote.

Sasa utaratibu wenyewe. Chukueni laini mpya kwa ajili ya biashara tu. Simu janja moja inaweza kubeba WhatsApp ya kawaida kwa namba yako na WhatsApp Business kwa namba ya kikundi, havigombani. Kisha unganisheni vifaa vingine, mwisho ni vinne: simu ya mwenzenu aliyeko mjini, kompyuta ya mwenye duka la pembejeo mnayemwamini, na kadhalika. Mwenye simu kubwa akiingia delta na simu ikazima, ujumbe wa wateja unaendelea kufika kwa wenzake na wanajibu. Sharti ni kwamba ile simu kubwa iingie mtandaoni angalau mara moja ndani ya siku 14, la sivyo vifaa vingine vinatolewa.

Faida ya pili, mnunuzi anaona mzigo. Mpigie kwa video ukiwa katikati ya shamba, mwonyeshe ukubwa wa tikiti, mkate moja aone rangi. Mtu wa Mabibo au Temeke Stereo akishaona kwa macho yake, hawezi kufika na fuso akaanza kusema alidhani ni makubwa kuliko hayo. Bei mmeelewana mapema, na maandishi yapo.

Hayo maandishi ndiyo faida ya tatu. Makubaliano ya mdomo kwenye simu ya kawaida hayabaki popote. Huku unaweza kumwekea kila mteja alama: huyu amelipa, huyu anadaiwa, huyu anataka gunia 20 za mpunga. Hifadhini nakala kwenye akaunti ya Google. Mafuriko ya Aprili 2024 tunayakumbuka Rufiji na Kibiti. Simu ikilowa maji, majina ya wateja wa miaka mitatu yasiende nayo.

Gharama? Simu ya sauti kwa kawaida haifiki MB 1 kwa dakika. Ya video inakula zaidi, kwa hiyo ipigwe pale penye mzigo wa kuonyesha, siyo kusalimiana.

Kuna wazee wananiambia kitochi kinatosha. Nusu ya maneno yao ni kweli. Kitochi kinakaa na chaji siku kadhaa na kinashika mtandao mahali simu janja inahangaika. Halafu Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipopata hitilafu, intaneti ilisumbua nchi nzima kwa siku kadhaa. Kwa hiyo kitochi usikitupe. Namba yake iandike kwenye maelezo ya biashara kama namba ya dharura.

Tusidanganyane pia kuhusu korosho na ufuta. Mazao hayo yanapita AMCOS na stakabadhi ghalani, bei inatoka mnadani. Hapo simu itakupa taarifa za mnada na malipo, bei haitabadilika. Faida kubwa iko kwenye tikiti, mpunga, nazi, mboga, kuku na samaki, ambako unapatana mwenyewe na mnunuzi.

Usalama nao ni kazi. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wanapenda sana namba za biashara. Wekeni namba ya siri ya hatua ya pili, na ile kodi ya tarakimu sita msimpe mtu yeyote, hata akijiita mhudumu. Namba ya tapeli itumeni 15040. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

La mwisho, na hili ndilo linavunja vikundi vingi: namba ni ya nani? Laini inasajiliwa kwa alama ya kidole cha mtu mmoja. Mkigombana, anaondoka nayo pamoja na wateja wote mliowatafuta kwa jasho. Kabla hamjampa mteja wa kwanza hiyo namba, andikeni kwenye katiba ya kikundi nani anaishika, nani anajibu siku gani, na akitoka anaikabidhi vipi. Shamba mnaweza kukodi jingine. Mteja aliyezoea namba yenu hapatikani kwa kukodi.

Kazi njema, na tikiti zikikaribia kuiva, simu iwe na chaji.