SERIKALI ZIANGUKAZO, WATU WABAKIAO

Wako watu wapendao kuicheka Ufaransa ya mwisho wa karne ya 19. Husema kuwa Serikali za nchi ile zilikuwa vibanda vya makuti: upepo ukivuma, kibanda chini. Kwa hesabu hawakosei. Tangu mwaka 1879 hata 1899 Mabaraza ya Mawaziri yaliyoundwa mjini Paris yalizidi 20, yaani kwa wastani moja halikutimiza mwaka. Sisi hatucheki. Twaona afadhali kuuliza ni nani aliyekuwa akiyaangusha, na kwa nini hakuogopa.

Habari yenyewe yaanza mwaka 1877. Rais wa wakati ule, Marshal MacMahon, alikuwa mtu wa jeshi ambaye moyo wake ulikuwa kwa wafalme. Tarehe 16 Mei alimwandikia Waziri Mkuu, Jules Simon, barua ya kumkaripia, na Simon akajiuzulu, ijapokuwa Wabunge walio wengi walikuwa upande wa Jamhuri. Mwezi Juni, kwa idhini ya Seneti, Rais akalivunja Bunge. Ndipo Léon Gambetta aliposimama mjini Lille akatangaza kwamba Taifa likishasema, Rais atakuwa na njia mbili tu: kutii au kuondoka. Mwezi Oktoba Taifa likasema, na wafuasi wa Jamhuri wakarudi Bungeni wakiwa wengi. MacMahon alitii kwanza, na Januari 1879 akaondoka.

Ushindi ule ulikuwa wa haki, nasi twausifu. Lakini ulizaa jambo ambalo washindi hawakulitazamia. Uwezo wa Rais kulivunja Bunge ulibaki katika sheria za mwaka 1875, lakini MacMahon alikuwa ameutia doa, hata hapana Rais aliyethubutu kuutumia tena mpaka Jamhuri ile ya Tatu ilipokufa mwaka 1940. Basi Mbunge alikaa miaka yake minne pasipo wasiwasi. Aliweza kuiangusha Serikali mchana, na jioni akala chakula chake kwa raha, maana hakuwa na hofu ya kurudishwa mbele ya wapiga kura. Wala, ukiondoa makundi machache ya wasoshalisti, hakikuwapo chama chenye nidhamu cha kumwuliza kwa nini amefanya hivyo.

Gambetta mwenyewe alikionja kikombe hicho. Aliunda Serikali Novemba 1881. Wabunge wakaziogopa nguvu zake, na alipotaka kubadili njia ya uchaguzi wakamwangusha Januari 1882. Mwisho wa mwaka ule alikufa, umri wake miaka 44.

Jules Ferry ni mtu mgumu zaidi kumpima. Ni yeye aliyezifanya shule za msingi kuwa za bure mwaka 1881, na za lazima mwaka 1882. Waziri wake wa Mambo ya Ndani, Waldeck-Rousseau, ndiye aliyesimamia sheria ya 21 Machi 1884 iliyoruhusu vyama vya wafanyakazi. Lakini Ferry huyo huyo ndiye aliyepeleka askari Tunisia na Tonkin, kaskazini ya Vietnam, na Julai 1885 alisimama Bungeni akadai kwamba mataifa aliyoyaita bora yana haki juu ya mengine. Kufikia siku hiyo alikwisha kupoteza kiti cha Waziri Mkuu. Simu ya kushindwa kwa jeshi huko Lang Son ilipofika, Clemenceau alimshambulia vikali, na tarehe 30 Machi Serikali ikaanguka. Siku chache baadaye mapatano na Uchina, ambayo Ferry alikuwa akiyashughulikia kwa siri, yakatiwa sahihi.

Je, watu wa Vietnam walipata nini kwa kuanguka kwake? Hawakupata kitu. Waziri Mkuu alikwenda zake, askari wakabaki, na Wafaransa hawakuondoka mpaka walipopigwa Dien Bien Phu mwaka 1954. Pwani yetu nayo ina ushahidi wake. Mwaka 1862 Ufaransa na Uingereza zilitangaza kuuheshimu uhuru wa Zanzibar. Mwaka 1890, chini ya Freycinet aliyekuwa Waziri Mkuu kwa mara ya nne, Ufaransa iliikubali himaya ya Waingereza juu ya Zanzibar, nayo ikakubaliwa himaya yake juu ya Madagascar. Katika biashara ya namna hiyo Mawaziri wale hawakuyumba hata kidogo.

Lakini Serikali iliyodumu kuliko zote za Jamhuri ile ya Tatu ndiyo iliyogombanisha wafanyakazi wenyewe. Juni 1899 Waldeck-Rousseau, ili kuiokoa Jamhuri katika fujo za kesi ya Dreyfus, alimketisha msoshalisti Alexandre Millerand meza moja na Jenerali Galliffet, ambaye mwaka 1871 aliwaua watu wa Commune ya Paris. Wako waliosema ni usaliti, na uchungu wao twaufahamu. Hata hivyo, sheria ya Millerand ya 30 Machi 1900 ilipunguza kazi iwe saa 11 kwa siku, kisha saa 10 ifikapo 1904, katika viwanda ambamo wanaume walifanya kazi pamoja na wanawake na watoto. Galliffet alijiuzulu miezi miwili baadaye. Millerand alibaki hadi Juni 1902, na mwaka 1904, mwaka wa zile saa 10, wenzake wakamfukuza chamani.